Mpira Uliokunywa Kisima

Nyie wenzangu mliobeba debe kichwani mpaka nywele za utosini zikagoma kuota, leo nasema na nyie. Hawa wa sasa wasikilize kwa pembeni wakitaka. Nasema, maana kuandika sijui. Shule mimi sikuingia, nilikuwa napita nje yake nikienda kuchota maji. Anayeandika ni mjukuu wangu Neema, kwenye simu yake, na nimemwambia asininyooshee maneno. Ayaache yalivyopinda.

Aliyenichokoza ni baba yake, mwanangu Yohana. Yohana anafanya kazi kule Mtumba kwenye maofisi ya serikali, shati limepigwa pasi mpaka ukimkumbatia unaogopa kujikata. Jumapili iliyopita kaja kwangu, kakaa kwenye kochi, kakohoa kwanza kama mchungaji anayetaka kutangaza ujenzi wa kanisa. "Mama," anasema, sauti ile ya mkutanoni, inatokea puani, "mama, aktuali, nimepata taarifa." Taarifa! Moyo ukanipasuka, nikajua msiba. "Nimeambiwa wewe na Bibi Mwajuma mnaenda kibandani kuangalia mpira. Mnakaa na vijana wa bodaboda, mnapiga kelele. Mama, angalia imeji ya familia. Unatuchafulia jina."

Nikamuuliza, jina lipi tena, na wewe jina nilikupa mimi?

Akasema niache. Mpira siyo mambo ya mama mtu mzima. Nikamwambia nitafikiri. Sasa nimefikiri wiki nzima, na majibu yangu ni haya, marefu, atayasoma kwenye simu akiwa ofisini.

Mimi nimezaliwa Gulwe. Kwa asiyeijua, Gulwe ya utoto wetu ilikuwa reli, stesheni, vumbi, na mto. Na mto wenyewe karibu mwaka mzima ni mchanga. Mvua ikipiga huko juu unakuja na hasira zake, unang'oa reli, unaondoka na mbuzi za watu, halafu kimya. Unatuachia mchanga mweupe, mpana, unaunguza nyayo. Maji yako chini. Unachimba kwa mikono na kipande cha kibuyu mpaka shimo linakufika kiunoni, unazungushia miiba ng'ombe wasiingie, halafu unakaa pembeni unangoja. Yanakuja kidogo kidogo, kama mgeni aliyeitwa kwa nguvu. Debe moja likijaa, jua limeshahama.

Sasa watoto wa kike kumi na wawili wamekaa pembeni ya shimo wanayaangalia maji yanavyojivuta, mlitegemea wafanye nini? Wafume vitambaa?

Mpira wenyewe tuliuona stesheni. Jumapili mchana wale wafanyakazi wa reli walikuwa wanacheza kwenye uwanja wa pembeni ya stesheni, mpira wa ngozi wa kweli kabisa. Sisi tulitumwa kuuza karanga za kuchemsha. Baba yangu alikuwa kwenye genge la reli. Mnawajua wale baba zetu. Nyumbani hacheki. Akiingia, hata kuku wanatoka. Akitaka chumvi hasemi, anaangalia tu upande wa chumvi. Basi siku hiyo nimesimama na sinia langu, wenzake wakafunga goli, nikamwona baba yangu anaruka! Anaruka kama mbuzi aliyefunguliwa, kofia imedondoka, mdomo wote wazi, meno yote nje, kumbe ana mwanya! Nina miaka karibu kumi, sikuwahi kujua kama baba yangu ana mwanya.

Karanga ziliteketea, watoto wa stesheni walizila sinia zima, sikuwaona. Nikasema moyoni, hicho kitu kinachomfanya baba awe hivyo, na mimi nakitaka.

Mpira wa ngozi tutautoa wapi? Lakini kila msichana alikuwa na kata. Neema ananiuliza hapa, "Bibi, kata ndo nini?" Mmesikia? Kata, mwanangu, ni kile kitambaa unachokizungusha duara, unakiweka kichwani chini ya debe lisikutoboe fuvu. Kila mmoja ana yake, wengine kipande cha kaniki, wengine cha khanga. Tukazichukua kata zote kumi na mbili, tukazisokota moja juu ya nyingine, tukazifunga kwa kamba za magome. Mpira huo! Ya Mwajuma tulikuwa tunaiweka nje, maana kwao walikuwa na duka, babu zake walikuja na misafara ya zamani wakabaki Mpwapwa, na kata yake ilikuwa ya khanga mpya, nyekundu. Mpira lazima upendeze.

Na utamu wake uko hapa. Maji yakijaa, mchezo umekwisha, upende usipende. Lazima mpira ufunguliwe, kila mtu achukue kata yake, abebe debe aende kwao. Refa wetu yalikuwa maji. Huwezi kubishana naye. Ila nakiri, kuna siku maji yalikuwa yamejaa zamani na hakuna aliyeinamisha shingo kuyaangalia.

Nyuma alikaa Damari, mwili mkubwa, mpole, ukimgonga unaanguka wewe na yeye anakuomba radhi. Mbele Foibe, kadogo kama kidole. Golini Mwajuma, kwa sababu alikuwa hataki kukimbia. "Jamani," alikuwa anasema, Kiswahili chake kile cha kwao cha kudekadeka, "jamani msinipige wa uso, nimepaka wanja." Golikipa na wanja! Mpira ukija anafumba macho, ananyoosha mikono, anadaka. Sijui alikuwa anadaka kwa harufu.

Sasa ikaja ile siku.

Kiangazi kimekaza, mashimo mengi yamekauka, limebaki la kwetu moja linalotoa. Tumelichimba tangu jua halijatoka. Mara vumbi, kengele za ng'ombe, wakatokea wavulana wa machungani, na mbele yao Madeha. Madeha alikuwa kwenye umri ule wa sauti kuvunjika, neno moja la baba mtu mzima, neno linalofuata la kifaranga. "Tokeni hapo," kwa sauti ya baba. "Ng'ombe wana kiu," kwa sauti ya kifaranga.

"Na sisi je?" Damari akamuuliza taratibu.

"Nyie mnacheza. Mwenye kiu hachezi."

Na kweli kata zote zilikuwa miguuni. Mnajua wenyewe ng'ombe wakishanywa kwenye shimo la mchanga linabaki nini. Tope na kinyesi. Ina maana uanze kuchimba upya, urudi kwenu jua linazama na debe tupu, na nyumbani hakuna ugali, na ukiulizwa ulikuwa wapi tangu alfajiri useme nini? Ndo mpira wenyewe ungejulikana, na ukijulikana umekufa.

Mdomo wangu mimi haujawahi kuniomba ruhusa. Nikasikia unasema, "Tucheze. Atakayefunga mawili kwanza, kisima chake."

Wale wavulana walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Na watoto wa kike?" Madeha kashika fimbo begani hivi, mikono kaining'iniza, anajiona chifu. "Haya. Sisi goli letu litakuwa lile la upande wa kisima. Tukae karibu na maji yetu."

Wao wamezoea kucheza kwenye ardhi ngumu. Na wamevaa vile viatu vya tairi. Mchangani kile kiatu kinachota kama koleo, kila hatua anabeba nusu debe la mchanga. Anapiga teke kubwa, mpira haupo, umeshaondoka na Foibe. Lakini nguvu wanazo, siwezi kuwanyima. Madeha alipiga shuti moja, Mwajuma akafumba macho kama kawaida, safari hii harufu ikampotea. Moja kwao.

Foibe akarudisha. Kale katoto kalipita katikati ya miguu ya Madeha, mwili mzima, siyo mpira peke yake! Madeha akainama kumtafuta, anachungulia huku, anachungulia kule, "Yuko wapi? Yuko wapi?" Yuko golini, bwana. Moja moja.

Hapo hakuna aliyekuwa anacheka tena. Ng'ombe wanalia, jua limetusimamia utosini, mchanga unaunguza. Damari akapokonya mpira, kwa upole, na yule mvulana akaanguka. Akanipa mimi. Wenzangu, mguu huu mnaouona leo umevimba, nasugulia dawa asubuhi na jioni, siku ile ulipiga kitu! Sikuwaza kisima wala sikuwaza fimbo. Niliwaza ule mwanya wa baba. Mpira ukaruka juu ya mchanga, ukapita katikati ya yale madebe mawili ya goli kama uliitwa.

Goli! Tukashikana, tukaanguka, tumekula mchanga.

Halafu tukasikia: chubwi.

Kumbuka goli lao lilikuwa upande wa kisima. Mpira haukusimama golini. Uliendelea na safari, ukaruka miiba, ukaingia shimoni. Tukakimbia kuchungulia. Kata kumi na mbili, nguo kavu za kiangazi, zimekaa kwenye maji yetu ya tangu alfajiri zinakunywa. Unaona kabisa maji yanashuka. Mapovu yanatoka, bu, bu, bu, kama mzee anayekunywa uji bila aibu. Tulipokuja kupata akili, chini ya shimo kulikuwa na mpira umenenepa na mchanga mbichi. Basi.

Madeha akacheka, "Haya, nyweni goli lenu!"

Foibe akaanza kulia. Mimi nikaruka ndani, nikaukumbatia ule mpira, haunyanyuki. Mzito kama ndama aliyekufa. Nikavuta, nikavuta, nikasikia mtu ameshuka pembeni yangu. "Sogea," sauti ya kifaranga. Ni Madeha. Akavua viatu vyake vya tairi, tukaunyanyua wote.

Tukaufungua. Tukakamua kata moja moja juu ya madebe. Na kukamua nguo vizuri kunataka watu wawili, huyu azungushe huku, yule azungushe kule. Kwa hiyo mngetuona pale, wasichana kumi na wawili na wavulana wa machungani, tumeshikana nguo tunasokota, ng'ombe wamesimama nyuma wanatushangaa. Na hawakuleta ng'ombe wao mpaka sisi tumemaliza. Tulishinda, wakakubali. Leo mtu akifungwa anaenda kuangalia kwenye televisheni kama kweli kafungwa.

Kila mmoja akapata maji ya ugali mmoja, chini ya debe. Tukaweka kata mbichi vichwani, tukaondoka mbio. Hakuna aliyechungulia maji vizuri. Tulikuwa tunamwogopa mama, hatukukumbuka kuyaangalia maji.

Kosa lilikuwa hapo. Kaniki inachuja. Khanga mpya inachuja kuliko kaniki.

Jua linazama, baba kanawa, mama kaweka ugali mbele yake. Ugali wa uwele, mnaijua rangi yake. Huu ulikuwa na rangi yake nyingine. Baba kashika tonge, kaliinua kwenye mwanga, kaligeuza. Mtu asiyesema nyumbani akasema: "Mama Lea. Huu ugali umefiwa?"

Mweusi wa kaniki! Na kabla mama hajajibu tukasikia kwa kina Damari, ng'ambo ya uzio, baba yake anafoka, "Ugali gani huu wa bluu?" Halafu mbele kidogo, kwa kina Foibe, bibi yake anapiga ukunga, eti damu, ugali una damu! Hiyo ilikuwa ya Mwajuma, ile khanga nyekundu. Mji mzima unaulizana rangi za ugali.

Mama yangu alikuwa mtu wa maneno machache, na yote aliyasema kama ananong'ona na sufuria. Aliinuka, akaichukua kata yangu, akainusa, akaikamua. Tone moja, jeusi, likadondoka chini. Akaniangalia. Nikasema yote. Wenzangu kumi na moja walikuwa wanasema yote saa hiyo hiyo, maana fimbo zilipigwa kwa pamoja kama ngoma za kipaimara. Nilizopigwa mimi sizijui ngapi, nimewaambia sikwenda shule.

Halafu baba akatoa sheria. Sauti yake ilikuwa inatokea chini, tumboni, kama treni iko mbali: "Mtoto wa kike hapigi mpira. Tumbo litageuka. Hatazaa. Nikisikia tena, hatoki humu ndani mpaka aolewe."

Huyo huyo wa mwanya.

Nililala kwa tumbo, mgongo haukushikika. Maumivu sikuyajali sana. Niliona nimepewa kitu mchana na kimechukuliwa jioni, na kitu chenyewe nimekionja mara moja tu.

Alfajiri mama akanipa debe kama kila siku. Kata yangu ya kaniki sikuiona. Akaingiza mkono kwenye nguo yake, akatoa kipande cha khanga. Khanga yake ya zamani, ile aliyoolewa nayo, imefuliwa miaka na miaka mpaka maua yamekimbia, maandishi yamekimbia, imebaki nyeupe tu kama mchanga. Na aliikata kubwa, mara mbili ya kata ya kawaida. Akanizungushia kichwani mwenyewe. Baba yuko pale mlangoni anafunga viatu vyake vya kazi. Mama akaniinamia sikioni, kama ananong'ona na sufuria:

"Hii haichuji."

Akageuka akaendelea kufagia.

Nilitembea mpaka mtoni sielewi. Nikafika nikamkuta Damari. Kichwani ana kata imepauka. Foibe akaja, imepauka. Wakaja wengine mmoja mmoja, macho mekundu ya kulia usiku, na vichwani vitambaa vizee, vyeupe, vilivyokwisha rangi zamani. Hata Mwajuma, mtoto wa duka, wa nguo mpya kila Idi, kaja na kitambaa cha bibi yake kimechakaa. Kumi na mbili zote. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Tulichimba, tukaweka miiba, maji yakaanza kuja. Tukazivua kata, tukazifunga.

Tulicheza mpaka tukaolewa, mmoja mmoja.

Na tumbo, Yohana mwanangu? Niliwazaa saba. Wewe ulikuwa wa tatu, ulitangulia kichwa kama kawaida, tumbo lilikuwa limekaa vizuri tu upande wake.

Sasa hawa wa leo. Nawaona. Viatu vya rangi ya embe bivu, nywele zimechorwa mistari kama shamba la matuta. Mtu kaguswa bega anaanguka, anajiviringisha, anashika mguu. Kaguswa bega! Damari angewaua wote kwa upole. Akifunga goli, vijana kibandani wameinua simu wanapiga picha ya televisheni, goli hawakuliona. "Bibi, ngoja nikuoneshe," wananiambia. Nioneshe nini, si nimeliona, wewe ndo hujaliona.

Lakini nikiona mabinti wanacheza kwenye televisheni, wamevaa namba mgongoni na uwanja umejaa, baba zao wanapiga vuvuzela, nasogea karibu na televisheni. Hakuna mtu anayeuliza matumbo yao. Hapo sina la kuwacheka. Nawaonea wivu tu, na wivu siuoni kama dhambi kwa umri wangu.

Ila kuna kitu walichokikosa. Maji siku hizi wanafungua koki. Debe linajaa kabla hujapiga miayo. Neema hajawahi kungoja maji hata siku moja maishani mwake, na kucheza ananiambia hana muda. Sisi muda tulikuwa nao kwa sababu maji yalikuwa yanajivuta. Sijui kama nimesema vizuri. Wenzangu mmenielewa.

Kati ya wale kumi na wawili tumebaki watatu. Damari yuko Busi kwa mwanawe, hainuki. Mwajuma yuko hapa mjini, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na macho yamekwisha. Hauoni mwanga sawasawa, achilia mbali mpira. Lakini wanja anapaka! Ndo maana naenda kibandani, Yohana. Namshika mkono, tunakaa benchi la mbele, na mimi namtangazia. Yule mtangazaji wa kwenye televisheni anakimbiza maneno, Mwajuma hampati. Mimi namwambia ya kweli: huyu kachoka, yule kagombana na mkewe, kocha anavuta ndevu hivi, refa anakimbia kama Madeha na viatu vya tairi. Namwigia kila mmoja na sauti yake. Vijana wa bodaboda wamepunguza sauti ya televisheni wananisikiliza mimi. Na goli likija, Mwajuma anafumba macho, yale yale yasiyoona, ananyoosha mikono mbele. Bado anadaka.

Unataka niache hilo kwa sababu ya jina la ofisini?

Neema, andika hivi hivi. Mwambie baba yako kile kipande cha khanga ya bibi yake bado ninacho. Kimebaki kidogo, kimelainika kama ngozi ya mtoto mchanga. Benchi la kibandani ni gumu, na mifupa yetu mnaijua. Nakikunja nakiweka chini, nusu akalie Mwajuma, nusu nikalie mimi. Jumamosi saa kumi tutakuwa pale, benchi la mbele. Akiogopa nitamchafulia maji yake, aje akikamue mwenyewe. Akikamue mpaka achoke.

Hakichuji.